Macho ya Daktari wa Upasuaji: Jinsi Picha Zilivyokuja Kuongoza Upasuaji wa Uvimbe wa Figo

  

Leo nina historia ya zaidi ya miaka 150. Ni historia ya jinsi madaktari walivyojifunza kuiona figo ndani ya tumbo kabla ya kushika kisu. Huenda unajiuliza, hayo yananihusu nini mimi? Yanakuhusu, mama. Uvimbe wa figo huwapata hata watoto wadogo, na mara nyingi anayeugundua kwanza si daktari wala mashine. Ni mama anapomwogesha mtoto.

Hebu fikiria jioni moja. Umemweka mwanao wa miaka mitatu kwenye karai. Unampaka sabuni, na mkono wako unapopita tumboni, upande mmoja unagusa kitu kigumu. Mtoto halii. Anacheza na maji kama kawaida yake. Anakula vizuri na anakimbia na wenzake. Unajiambia labda ni minyoo. Labda ni wengu limevimba kwa malaria. Jirani anakushauri umpeleke akakandwe tumbo.

Je, utafanya nini? Shika swali hilo. Tutalirudia baada ya kusikia yaliyopita.

UVIMBE WENYEWE NI UPI?

Watu wengi huzaliwa na figo mbili. Zimekaa nyuma ya tumbo, kila upande wa uti wa mgongo, karibu na mbavu za chini. Kazi yake ni kuchuja damu na kutoa uchafu pamoja na maji ya ziada, ambayo ndiyo mkojo. Pia husaidia kudhibiti shinikizo la damu.

Saratani inayoonekana zaidi kwenye figo za watoto huitwa uvimbe wa Wilms. Jina hilo linatokana na Max Wilms, daktari wa upasuaji wa Ujerumani, aliyeueleza kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1899. Huwapata hasa watoto walio chini ya miaka mitano. Hauambukizwi. Hautokani na laana wala kurogwa. Mama, usijilaumu wala usikubali kulaumiwa.

WAKATI WA MIKONO MITUPU

Tuanze mwaka 1869 katika mji wa Heidelberg, Ujerumani. Daktari Gustav Simon alikuwa na mgonjwa, mwanamke ambaye mrija wa kutoa mkojo kwenye figo yake moja ulikuwa umeharibika, na mkojo ukawa unamvuja bila kukoma. Njia iliyobaki ilikuwa kuitoa figo hiyo. Lakini hakuna aliyejua kwa hakika kama mtu anaweza kuishi na figo moja. Simon alijaribu kwanza kwa mbwa, akaona kuwa wanaishi. Tarehe 2 Agosti 1869 alimpasua yule mwanamke na kuitoa figo. Mgonjwa alipona.

Hapo dunia ikajifunza jambo ambalo akina mama wengi bado huuliza hospitalini: figo moja yenye afya inatosha.

Miaka minane baadaye, mwaka 1877, daktari Thomas Jessop wa mji wa Leeds, Uingereza, alitoa figo yenye uvimbe kutoka kwa mtoto wa miaka miwili. Mtoto alivuka salama upasuaji wenyewe, jambo lililokuwa la ajabu wakati huo. Lakini baada ya miezi kadhaa ugonjwa ulirudi, na akafariki.

Tuelewe hali ya madaktari wale. Hawakuwa na picha yoyote. Walipapasa tumbo kwa vidole, kisha wakapasua na kukuta watakachokuta. Hawakujua kama uvimbe ni wa figo, wa ini au wa wengu. Hawakujua kama figo ya pili ni nzima. Hawakujua kama uvimbe umeingia ndani ya mishipa ya damu. Mambo hayo yote waliyagundua mtoto akiwa tayari amefunguliwa tumbo.

Tena kulikuwa na hatari nyingine. Uvimbe wa Wilms mara nyingi ni laini ndani na umefunikwa na ngozi nyembamba, kama papai lililoiva sana. Ukiubonyeza kwa nguvu unaweza kupasuka, na chembe za saratani zikamwagika tumboni. Katika miaka ya 1930 na 1940, daktari William Ladd wa hospitali ya watoto ya Boston, Marekani, alisisitiza kuwa uvimbe huu ushikwe kwa upole mkubwa, na tumbo la mtoto lisipapaswe ovyo kabla ya upasuaji. Onyo hilo lingali na nguvu hadi leo, nasi tutalirudia.

PICHA YA KWANZA

Mwezi wa Novemba 1895, mwanasayansi Wilhelm Röntgen wa Ujerumani aligundua miale inayopenya mwili. Mwezi uliofuata aliupiga picha mkono wa mkewe, mifupa na pete ya ndoa vikaonekana. Hiyo ndiyo eksirei tunayoijua, na mwaka 1901 ilimpatia Röntgen Tuzo ya Nobel ya kwanza kabisa ya fizikia.

Lakini eksirei huonyesha vizuri mifupa, si nyama laini. Figo ilijificha kati ya matumbo na misuli. Mwaka 1906 madaktari wa Ujerumani walipitisha mpira mwembamba kwenye njia ya mkojo na kumimina maji yenye madini ya fedha hadi figoni, ndipo ndani ya figo pakaonekana kwenye picha. Njia hiyo ilikuwa na maumivu na hatari zake.

Jibu bora lilitokea kama kwa bahati. Katika Mayo Clinic, Marekani, wagonjwa wa kaswende walikuwa wakitibiwa kwa chumvi ya madini ya ayodini. Mwaka 1923 madaktari wa huko walieleza kuwa mkojo wa wagonjwa hao huonekana kwenye eksirei. Kwa hiyo wakajua kuwa dawa ikiingia katika damu, figo zitaichuja, na mahali inapopita patang'aa kwenye picha. Lakini ilihitajika dawa isiyodhuru. Mwaka 1929 kijana mmoja daktari kutoka Marekani, Moses Swick, aliyekuwa akifanya kazi Ujerumani, alionyesha picha nzuri za figo baada ya kudunga dawa iitwayo Uroselectan kwenye mshipa.

Sasa daktari wa upasuaji angeweza kujua mambo mawili kabla ya kupasua: figo ya pili inafanya kazi au la, na figo yenye uvimbe imesukumwa wapi. Hata hivyo, bado alikuwa akitazama kivuli. Uvimbe wenyewe hakuuona.

SAUTI INAYOONA

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, viwandani walikuwa wakitumia mawimbi ya sauti kutafuta nyufa ndani ya vyuma. Ni sauti kali sana isiyosikika na sikio la binadamu. Huenda, hugonga, hurudi kama mwangwi. Daktari Ian Donald wa Glasgow, Uskoti, aliona kuwa yanayowezekana kwa chuma yanawezekana kwa mwili. Mwaka 1958, yeye na wenzake walichapisha picha za matumbo ya wanawake zilizopigwa kwa sauti.

Kati ya wagonjwa wake alikuwepo mwanamke aliyedhaniwa kuwa na saratani ya tumbo isiyoweza kutibika. Mashine ilionyesha kuwa kilichomjaza tumbo ni mfuko mkubwa wa maji kwenye ovari. Alipasuliwa, ukatolewa, akapona.

Hiyo ndiyo altrasaundi, mama, ile ile uliyopigwa ulipokuwa mjamzito. Haiumi na haitumii miale ya eksirei. Kwa mtoto mwenye tumbo lililovimba, ndiyo picha ya kwanza inayofaa. Huonyesha kama uvimbe ni maji au ni nyama, umetoka kwenye figo au kwingine, na kama umeingia kwenye mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni.

Mashine hii pia ilikuwa ya mapema kuingia ndani ya chumba cha upasuaji chenyewe. Mwaka 1961 madaktari walieleza jinsi walivyoitumia kutafuta mawe ndani ya figo wakati upasuaji ukiendelea. Leo daktari anaweza kuweka kifaa kidogo cha altrasaundi juu ya figo iliyofunguliwa, akaona uvimbe umeingia kina gani na mishipa imepita wapi, kabla ya kukata.

MWILI KATIKA VIPANDE VYA MKATE

Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley, London, mwanamke mmoja aliyeshukiwa kuwa na uvimbe kichwani aliwekwa ndani ya mashine mpya iliyobuniwa na mhandisi Godfrey Hounsfield. Mashine ilipiga eksirei kutoka pande nyingi, kisha kompyuta ikaziunganisha na kuonyesha kichwa kwa vipande, kama mkate uliokatwa. Hiyo ndiyo skani ya CT. Ilianza na kichwa, na kufikia katikati ya miaka ya 1970 ilikuwa inapiga mwili mzima.

Afrika ina sehemu yake katika habari hii. Hesabu zilizoonyesha kuwa jambo hilo linawezekana zilianza kufanywa na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, ambaye mwaka 1956 alifanya kazi kwa muda katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Mwaka 1979 Cormack na Hounsfield waligawana Tuzo ya Nobel ya tiba.

Kisha ikaja MRI, inayotumia sumaku badala ya eksirei. Paul Lauterbur alichapisha picha zake za kwanza mwaka 1973, na mwaka 2003 yeye na Peter Mansfield walipewa Tuzo ya Nobel.

Kwa uvimbe wa figo, mashine hizi zilibadilisha mambo mengi. Daktari sasa huona ukubwa wa uvimbe, mipaka yake, mishipa inayoulisha, hali ya figo ya pili, na kama ugonjwa umefika kwenye mapafu. Huingia thieta akiwa na ramani.

NDANI YA THIETA SIKU HIZI

Pengine utauliza, ikiwa figo moja inatosha, ramani nzuri namna hiyo ni ya nini? Kati ya watoto 100 wenye uvimbe wa Wilms, kama 5 hadi 7 huwa nao kwenye figo zote mbili. Mtoto huyo huwezi kumtoa figo zote bila kumwachia mzigo mzito sana. Lazima daktari akate uvimbe na kubakiza nyama nzima ya figo kadiri inavyowezekana. Hapo kila milimita ina thamani, na ndipo picha huwa macho yake.

Katika baadhi ya hospitali kubwa duniani, kompyuta hugeuza picha za CT au MRI kuwa mfano wa figo ambao daktari anaweza kuushika mkononi kabla ya siku ya upasuaji. Pia kuna dawa ya rangi ya kijani iitwayo indosianini, iliyotumiwa na madaktari tangu miaka ya 1950. Hudungwa kwenye mshipa, na kamera maalumu huonyesha nyama nzima ya figo iking'aa huku uvimbe mara nyingi ukibaki hafifu. Njia hizi mbili bado hazijafika kila mahali. Lakini altrasaundi ipo katika hospitali nyingi za kaunti zetu, na skani ya CT ipo katika hospitali kubwa za rufaa.

PICHA PEKEE HAIPONYI

Sasa tusidanganyane, akina mama. Picha humwongoza daktari, lakini haiui saratani. Katika miaka ya 1950 daktari Sidney Farber na wenzake kule Boston walionyesha kuwa dawa iitwayo aktinomisini husaidia watoto wenye uvimbe wa Wilms. Baadaye madaktari wa Marekani na Ulaya walifanya tafiti kubwa kuchanganya upasuaji, dawa za saratani na tiba ya mionzi kwa mpango. Leo katika nchi tajiri, kama watoto 90 kati ya 100 hupona.

Sehemu nyingi, mtoto huanza na dawa kwa wiki kama 4 hadi 6 kabla ya kupasuliwa. Dawa hupunguza uvimbe na kuufanya usipasuke kwa urahisi. Kisha picha hupigwa tena ili daktari aone ulivyo sasa. Kwa hiyo, ukiambiwa upasuaji si leo, usidhani umepuuzwa. Na baada ya upasuaji dawa huendelea, hata mtoto akionekana mzima kabisa.

Hapa ndipo penye uchungu wetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu watoto wa Kenya wenye uvimbe huu ulionyesha kuwa ni kama nusu tu waliokuwa hai baada ya miaka miwili. Kuacha matibabu njiani kulikuwa tatizo kubwa, na familia zilizokuwa na bima ya NHIF wakati huo zilimaliza matibabu zaidi. Uvimbe ni ule ule, na dawa nyingi ni zile zile. Tofauti kubwa iko katika kuchelewa kufika, na kuondoka kabla ya kumaliza.

TURUDI KWENYE KARAI

Sasa mama, lile swali. Mkono wako umegusa kitu kigumu tumboni mwa mtoto. Fanya hivi:

Kwanza, usimkande wala usiruhusu mtu yeyote amkande. Usiendelee kubonyeza kila siku kuona kama kimekua, wala usiwaite majirani kila mmoja apapase. Umeshagusa mara moja, inatosha. Kumbuka lile papai lililoiva.

Pili, mpeleke hospitalini siku hiyo au kesho yake. Usingoje mwisho wa mwezi. Mweleze mhudumu waziwazi: "Nimegusa uvimbe tumboni mwa mtoto wangu, upande huu." Ukipewa dawa ya minyoo na uvimbe ukawa bado upo, rudi, na uombe kwa heshima apigwe altrasaundi. Dalili nyingine ni damu kwenye mkojo, tumbo kukua upande mmoja, homa isiyoeleweka, na shinikizo la damu kupanda.

Tatu, uliza kuhusu picha. Altrasaundi haina maumivu. Skani ya CT hutumia eksirei, kwa hiyo hupigwa inapohitajika tu. Mtoto mdogo anaweza kupewa dawa ya usingizi ili atulie, na huenda ukaambiwa asile kwa saa kadhaa. Fuata maelezo hayo. Kama ana mzio au aliwahi kudhurika na dawa yoyote, sema mapema.

Nne, tunza picha hizo kama unavyotunza cheti cha kuzaliwa. Ziweke kwenye bahasha yake, mahali pasipo na maji wala joto la jiko, ukiwa umeandika jina na tarehe. Kama ni sidii, usiikwaruze. Kila unapopelekwa hospitali nyingine, nenda nazo zote pamoja na ripoti. Daktari wa upasuaji anataka kuiona picha yenyewe, na ripoti pekee haimtoshi.

Tano, usikae na picha nyumbani. Uvimbe huu hukua haraka. Picha iliyopigwa miezi mitatu iliyopita haisemi tena ukweli wa leo. Ukipewa rufaa ya Kenyatta kule Nairobi, Moi kule Eldoret, au hospitali nyingine kubwa, nenda. Jiandikishe SHA, bima iliyochukua nafasi ya NHIF mwaka 2024, na mwone afisa wa ustawi wa jamii hospitalini ikiwa nauli au gharama zinakushinda. Hakuna aibu katika kuomba msaada kwa ajili ya mtoto.

Sita, maliza dawa zote na kliniki zote. Mtoto aliyebaki na figo moja anaweza kusoma, kucheza mpira na hata kuja kuwa mzazi. Anahitaji maji ya kutosha, kupimwa shinikizo la damu, na kutopewa dawa za maumivu za dukani bila ushauri wa daktari.

MANENO YA MWISHO

Daktari Simon alitegemea vidole vyake. Baada yake walikuja watu wa Ujerumani, Marekani, Uskoti, Uingereza na Afrika Kusini, kila mmoja akaongeza mwanga kidogo, hadi daktari wa leo anaweza kuiona figo ya mtoto kabla ya kuigusa. Lakini mashine haiji nyumbani kumtafuta mtoto. Inangoja aletwe.

Jioni ya leo, unapomwogesha mwanao, mpitishie mkono tumboni polepole, kwa upole. Ukikuta pako sawa, mshukuru Mungu na umalize kumsuuza. Ukigusa jambo usilolielewa, mfunike shuka, na asubuhi muwe njiani.

YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI CHENU

1. Hapa kwetu, tumbo la mtoto likivimba, watu hufanya nini kwanza? Je, lipi kati ya hayo linaweza kumdhuru?

2. Altrasaundi ya karibu nasi iko hospitali gani, na nauli ya kufika ni kiasi gani?

3. Mama mwenzetu akiwa na mtoto kwenye matibabu ya miezi mingi, kikundi kinaweza kumsaidia vipi asiache njiani?

Hadi tutakapokutana tena, kwaherini, na watoto wawe salama.